Mama Aliyeanika Kahawa Nyuma Yangu

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla Jumamosi haijafika, maana tangu juzi siwezi kula.

Mimi ni karani wa chama cha wakulima wa kahawa huku Kanazi, na jioni nasoma kozi ya video mjini Bukoba, ambako tulipewa kazi ya kumfundisha mkulima jambo moja kwa dakika tano, nami nikavaa suti, nikasimama uani kwetu na kueleza kwa nini kahawa ianikwe kwenye kichanja na si chini, na Mwalimu Rutashobya akaisifu mbele ya wote, akasema ndiyo itakayoonyeshwa Jumamosi kwa wakulima wa Ijumbi, kule Muleba. Kisha likaja zoezi la wanafunzi kukosoana, Mwalimu akiwa hayupo, na Twaibu, ninayekaa naye dawati moja, akaniuliza, "Karani, yule mama nyuma yako anaanika nini?" Tukarudisha video, na kweli, muda wote nilipokuwa nikikataza kahawa kugusa udongo, mama yangu mzazi alikuwa akiimwaga chini na kuisambaza kwa mguu. Darasa likacheka, mwenzetu Joviana akaongeza kwamba hata bila mama, tai yangu imeonekana kuliko kahawa, nami nikatoka bila kuaga.

Siku mbili sikwenda darasani, lakini nilipoyapima maneno yao niliona ni ya kweli, nikamweleza mama nikitarajia hasira, naye akasema, "Mwana wange, kijiji kizima kimeniona nikianika chini. Sasa waache wanione nilivyoacha." Tukatengeneza kichanja cha waya, nikavua suti, nikashika kamera tu, na yeye akaeleza, mikono ikiwa ndani ya kahawa, jinsi mavuno yake ya mwaka jana yalivyoota ukungu kwa kuanikwa chini. Nilipowaonyesha wenzangu hakuna aliyecheka. Twaibu alisema, "Rudisha tena," na Joviana akaomba vipimo vya kichanja ampelekee baba yake. Sijawahi kuona fahari kama ile.

Lakini Mwalimu hajui lolote. Nikimwambia, sitakuwa nimemuumbua? Na Ijumbi wakimcheka mama?

A., Kanazi

JIBU

A., umeshinda na bado unatetemeka. Kula kwanza.

Mwalimu kutoliona kosa si dhambi yako. Kumwacha asimame mbele ya wakulima na video ambayo wewe unajua ina kasoro, hiyo itakuwa dhambi yako, kwa sababu watu wa Ijumbi wangeiona kahawa ile kabla hujamaliza kuwasalimia. Nenda leo, umwonyeshe zote mbili, mpya ikiwa ya mwisho, na umtajie kwa majina walioliona kosa.

Hapo ndipo uliponiudhi. Wenzako wamekuepusha na aibu ya umati, wewe ukawanunia siku mbili. Waombe radhi, na majina yao yaingie mwishoni mwa video pamoja na la mama.

Kuhusu mama kuchekwa, acha kumsemea. Amekwisha kujibu, tena vizuri kuliko nitakavyoweza mimi. Jumamosi mpe nafasi ya mbele, maswali ayajibu yeye. Wewe kaa nyuma na daftari. Mkulima akisimama na kusema kichanja chenu mmekiweka kivulini, usibishane naye. Andika.