Tairi Mbili Upande Wako wa Kitanda

Baba Kulwa,

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Kila nikishika kalamu Shija anaamka, na akilala na mimi nalala hapo hapo nilipokaa, kichwa juu ya cherehani. Lakini hiyo si sababu yenyewe. Sababu yenyewe ni kwamba nilikuwa nangoja wewe uanze. Uliniacha katikati ya maneno.

Nilikuwa nimekaa kwenye usukani, Shija mgongoni, mguu kwenye pedali ya breki, na wewe umelala chini kule nyuma na spana yako, tunatoa upepo kwenye breki. Ulisema "Kanyaga," nikakanyaga. Ulisema "Shika," nikashika. Pedali ikazama mpaka chini kama inavyozama siku zote ukishafungua nati, na mimi nikaishikilia, nikingoja useme "Achia."

Nikangoja.

Mwanzo nilidhani unanitania, kama ile mara uliyonyamaza makusudi mpaka mguu ukafa ganzi, halafu nikakusikia unacheka chini ya gari. Nikasema, "Baba Kulwa, leo sina nguvu za mizaha." Kimya. Nasikia tu mafuta yanadondoka kwenye karai, to, to, to. Mguu ukaanza kutetemeka. Na hata nilipojua kwamba kuna jambo, sikuutoa, maana ulinifundisha mwenyewe kwamba nikiachia nati ikiwa wazi upepo unaingia na kazi yote inaharibika. Nikapiga kelele za kuita watu mguu ukiwa pale pale. Majirani wamekuvuta kutoka chini ya pikapu, mimi bado nimeshika. Ni mama wa nyumba ya juu aliyenishika paja akaniambia, "Achia, mwanangu. Achia sasa." Sikutaka kulisikia neno hilo kwa mtu mwingine.

Hospitali walisema presha. Nyumbani kwenu walisema mengine, sitayaandika hapa.

Nikueleze ya huku. Kulwa na Doto wameanza darasa la pili. Doto bado anaweka sahani yako mezani, halafu Kulwa anairudisha kabatini, na kesho yake tena hivyo hivyo. Shija anatambaa. Akiona pikapu anainyooshea mikono kama mtu. Mimi nashona sare za shule pale barazani, na ziwa naliona kule chini katikati ya mawe, lakini siku hizi siliangalii sana. Utajua kwa nini.

Siku ile ulikuwa umemaliza injini na gia boksi. Nakumbuka ulivyoizungusha pikapu mtaani kwanza ili oili ipate moto itoke vizuri, halafu ukaingia chini na wimbo wako usio na mwisho. Kila mara lazima unifundishe kama mtu mpya: fungua pa kujazia kwanza, ndipo pa kumwagia, maana ukishamwaga na pa kujazia pakakataa kufunguka, umelala njaa. Oili ikashuka kwenye karai, nyekundu iliyogeuka kahawia. Ukachovya vidole, ukasugua, ukavigeuza juani. Vilimeta. Nikauliza, "Chuma hicho?" Ukasema, "Kawaida," lakini hukunitazama, Baba Kulwa. Ukafuta vidole kwenye suruali, ukasema tufanye breki haraka.

Zile chupa zetu unazijua. Mafuta ya kupima, kila aina kwenye chupa yake ya maji ya kunywa, na shingoni nimefunga kitambaa: chekundu cha gia boksi, cha buluu cha usukani, cheupe cha breki. Nilivikata kwenye nguo za Shija za uchanga. Ulikuwa unanicheka, "Mama Kulwa, chupa zangu zimevaa shanga." Lakini hukuwahi kukosea.

Msiba ulipoingia, kina mama walikuja wakafagia uwanja mzima, Mungu awabariki, walifanya kazi ambayo mimi nisingeweza. Wakafungua vile vitambaa wakidhani ni matambara, wakafuta chupa zikang'aa, wakazipanga ukutani jikoni kwa urefu wake kama vyombo vya wageni. Hakuna wa kumlaumu. Pikapu ya marehemu ikakaa bila kuwashwa mpaka matanga yakaisha, kama wazee walivyotaka. Halafu mdogo wako Masanja akaichukua aendeshe, ili watoto wapate kula. Hilo nalo ni jema. Kwake hana pa kuiegesha, kwa hiyo inalala hapa uwanjani.

Siku ya kwanza alikaza ile nati uliyoiacha wazi. Akafungua boneti, akakuta kikopo cha mafuta ya breki kikavu. Akaenda jikoni, akachukua chupa, akamimina. Mimi nilikuwa ndani namnyonyesha Shija, nasikia mlio wa chupa ikimiminwa, guu, guu, guu, na roho yangu ikakataa. Sikujua imekataa nini.

Mwanzo hakuna kilichotokea. Ndicho kinachonitisha. Alienda Nyegezi akarudi, akaenda akarudi, anapiga honi kama bwana harusi. Baadaye nikaanza kusikia harufu. Pikapu ikipanda mlima wetu kutoka Mkuyuni inaingia na harufu ya mpira ulioungua, na magurudumu yana joto kiasi kwamba paka wetu, aliyekuwa analala chini yake, amehama. Juzi ikaingia gurudumu la mbele linatoa moshi. Masanja akamwagia maji, likalia shiii, watoto wakashangilia.

Akasema, "Shemeji, hizi ndizo breki! Kali mpaka tairi linatoka jasho."

Alipoingia kula, nikafungua boneti. Kifuniko cha kile kikopo hakikai. Mpira wake umevimba, umekunjamana kama mdomo wa mtu aliyeumwa na nyuki. Nikachovya kidole. Nyekundu. Baba Kulwa, ni ile oili uliyobakiza ya gia boksi. Nikakusikia kabisa ulivyokuwa unasema kila mara ukishika ile chupa ya kitambaa cheupe: hii usiichanganye hata tone, oili nyingine inakula mipira, na mipira ikishaliwa breki inakuchekea leo, kesho inakuzika.

Jana nikamwambia. Nilimwandalia chai kwanza, nikamwambia kwa heshima, "Shemeji, yaliyomo si mafuta ya breki."

"Si yanabana?"

"Yanabana bila kukanyagwa. Ndiyo moshi ule."

Akacheka. "Mama Kulwa, wewe ulikuwa mguu tu. Kaka ndiye alikuwa fundi." Halafu akaona uso wangu, akapunguza sauti. "Mafuta ya kisasa ni mekundu, shemeji. Wewe shona nguo, gari niachie."

Sina hasira naye. Anakulilia vibaya kuliko mimi. Anavaa koti lako hata jua likiwa kali, na akishuka kwenye pikapu anafunga mlango taratibu kwa mikono miwili, kama wewe. Nadhani akikubali kwamba alimimina vibaya, itakuwa kama amekuzika mara ya pili. Lakini kesho alitaka kwenda Sengerema. Mama yako amepiga simu, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na hapo hapo akasema, "Nileteeni mabasa wangu." Anawataka pacha wake awaone kabla hajafa, ndivyo alivyosema. Masanja akawaahidi Kulwa na Doto watakaa mbele, dirishani, na nyuma apakie magunia.

Unaujua ule mteremko wa kwenda kivukoni. Ulinieleza mara ngapi: magari yamepangana, watu wanapita kwa miguu katikati na mizigo yao kichwani, na mbele yako ni maji. Unateremka mguu ukiwa kwenye breki tangu juu mpaka chini. Wewe mwenyewe ulikuwa hupendi pale. Usiku wa jana kila nikifumba macho naiona pikapu inateremka polepole, vichwa viwili vidogo dirishani, na Masanja anakanyaga, anakanyaga, na mguu wake unakwenda mpaka chini kama ulivyokwenda wangu siku ile. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Leo asubuhi Masanja alipokwenda mjini kutafuta wa kupakia magunia, nilimfunga Shija mgongoni, nikapeleka pacha shule, nikarudi nikashika jeki yako. Nati za magurudumu zimekaza, ilibidi nipande juu ya spana nirukeruke. Mama wa nyumba ya juu akachungulia ukutani, "Mke wa marehemu, umepatwa na nini?" Nikamwambia naosha gari. Akaangalia, akaona sina maji. Akashuka akanisaidia kusukuma mawe chini ya chesisi, hakuuliza tena.

Nimetoa magurudumu mawili ya mbele. Nimeyaviringisha mpaka chumbani. Yameegemea kitanda, upande wako. Chumba kizima kinanuka kama wewe ukirudi safari.

Halafu nimefungua nati zote za breki kwa spana yako namba kumi, nikaweka makarai, nikaacha ile oili nyekundu idondoke mpaka ikaisha. Nilijua nafanya nini. Gari lisilo na breki kabisa hakuna mtu atakayelipanda, ukikanyaga tu unajua. Hili lilikuwa na breki za uongo, na watu walikuwa wanalipanda wakicheka. Nilipokuwa nimelala chini pale pale ulipolala, nikatazama juu, nikaona gia boksi inatokwa na jasho kwenye boliti ya kumwagia. Tone linajikusanya, linaning'inia, halianguki. Nikajua washa yake, ile pete ya shaba, imechoka.

Masanja amerudi saa nane, akasimama uwanjani kama aliyemwagiwa maji. Nilidhani atanipiga. Akasema, "Hii ni mali ya ukoo." Nikamwambia, "Ni ya ukoo, shemeji. Na pacha ni wa ukoo. Kaa kwenye usukani ukanyage." Akakanyaga, pedali ikaenda chini. Nikamwambia, "Sasa njoo uone hiki." Nikampa kile kifuniko kilichovimba. Alikigeuza mkononi, akakigeuza tena. Alisema kesho atakuja na tairi nyingine, na baba mkubwa atakuja naye, tukae kikao. Akaondoka kwa miguu. Kifuniko ameondoka nacho, Baba Kulwa, amekiweka kwenye mfuko wa koti lako, na sijui kama anakwenda kumwonyesha mtu au kukitupa.

Kwa hiyo kesho wanakuja. Nitawapa chai. Nitamwamkia baba mkubwa kwa magoti yote mawili. Na wanangu hawatapanda, na wa wenzangu hawatapanda, mpaka breki zile zifanywe kama ulivyokuwa unazifanya wewe. Hilo nakuahidi, hata wakinitoa kwenye nyumba hii. Mama nitampelekea mabasa wake kwa basi, akae nao mpaka achoke.

Na lingine. Usiku nimekuwa nikilala mguu wa kulia umekaza. Naamka unauma, umekanyaga chini ya shuka, umeshika. Nadhani na wewe huko bado umeshika spana. Basi leo naanza mimi, maana wewe hukuwahi. Achia, mume wangu. Nati ile imeshakazwa. Pumzika.

Ukiwa safarini ulizoea kuniambia niandike ninachohitaji utume, ila niandike sawasawa. Ile mara niliandika "ndizi" tu, ukaniletea mkungu mzima wa ndizi mbivu, mimi Mhaya niliyelilia za kupika, ukacheka mpaka ukakaa chini. Leo naandika sawasawa. Najua ulipo hakuna basi la kupakia mizigo, lakini mkono umezoea.

Nitumie mipira ya masta silinda, ile pampu ya chini ya kikopo. Mipira ya magurudumu yote manne, na zile hozi mbili fupi za mbele, maana nazo zimelainika. Kifuniko cha kikopo, kama kile hakitarudi. Mafuta ya breki, chupa zenye lakiri, siyo ya kupima. Washa ya shaba ya boliti ya gia boksi. Na mtu wa kulala chini, mwenye sauti inayosikika, aseme kanyaga, aseme shika, na asinisahau pale.

Mguu usitume. Mguu ninao.

Mama Kulwa wako