Sapatu za Kasri

Roswitha, kitendawili! Navaliwa juu ya viatu, nasugua sakafu ya mfalme bila maji. Umekwama? Ni zile sapatu za sufu za kasri, wanazovalishwa wageni wasikwaruze sakafu.

Leo nimeaibika, shoga yangu!

Ziara ilipoisha mtembeza wageni akahesabu sapatu. Jozi moja haipo. "Nani anazo?"

Nikamgeukia wifi yangu Gerlinde, mbele ya watu wote. "Fungua mkoba, wifi. Wewe hata sabuni za hoteli huziachi!" Nilisema hivyo, Roswitha! Akaufungua huku analia. Ndani mlikuwa na mkate tu.

Tukatoka bustanini. Changarawe zinalia chini ya viatu vya wenzangu, mimi natembea kimya kama paka. Gerlinde akanitazama miguu.

Nikarudi mlangoni. "Ninazo mimi, bwana. Nimezivaa."