Siku Niliyomsema Wanza Bila Kumtaja Jina

Alhamisi, Julai 1981

Baridi, manyunyu, na matope mpaka mlangoni. Leo sijaongea na mtu vizuri tangu asubuhi. Mama ameniuliza kama naumwa, nikamjibu kwa ukali, halafu nikaja kujifungia na daftari hili kabla sijamkosea mtu mwingine.

Nina hasira. Nyingi ni juu yangu mwenyewe.

Wanza anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, hapa Makongeni. Baba zetu wote ni wa reli, na sisi tumeketi dawati moja tangu kidato cha kwanza. Wiki tatu zilizopita aliniambia ana mimba. Mwanamume mwenyewe simwandiki hapa, hastahili wino wangu.

Alikuwa ameshaamua. Hakutaka kutoa. Angemwambia mama yake Jumamosi iliyopita, angekwenda kwa nyanya yake Machakos azae, kisha atafute shule nyingine. Aliniomba kitu kimoja tu: niwepo siku hiyo ya kumwambia mama, maana peke yake ulimi ungemkwama. Nikakubali.

Lakini kabla ya Jumamosi kulikuwa na Ijumaa, na Ijumaa shuleni kwetu ni mdahalo. Mada: kwa msichana wa shule, heri kutoa mimba kuliko kuacha masomo. Mwalimu alitupangia pande kwa kuokota vikaratasi. Mimi nikaokota kupinga, nikafurahi, kwa sababu nilijua upande huo ndio wenye makofi.

Na mimi napenda makofi. Nikisema sivyo nitakuwa najidanganya.

Nilianza na "Bwana Mwenyekiti", ingawa mwenyekiti alikuwa msichana kama mimi. Nikasema anayetoa ni muuaji. Ukumbi ukapiga makofi. Nikaona hayatoshi. Nikasema aibu yenyewe inaanza mapema, kwani wenzetu wanakuja shule na vitabu, na wengine humu ndani wanakuja na odowa mfukoni. Kila mtu anajua yale mawe laini hutafunwa na wanawake wenye mimba. Wasichana walicheka mpaka wakapiga madawati.

Halafu vichwa vikaanza kugeuka nyuma, kimoja kimoja.

Wanza alikuwa akitafuna odowa darasani wiki nzima. Mimi nilikuwa najua sababu. Wengine walikuwa hawajui, mpaka nilipowaambia.

Naapa sikupanga. Neno lilinitoka kwa utamu wa kusikilizwa. Lakini nani atanihesabia hilo? Kura zilipopigwa, karibu shule nzima ilipinga kutoa mimba. Nilipewa mkono na mwalimu mkuu. Nilipomtafuta Wanza langoni, alikuwa ameshakwenda.

Jumamosi nilimngoja asubuhi mpaka jioni. Nyumba ya tatu tu, na sikwenda kubisha. Niliona haya.

Jumatatu alikwenda Majengo, kwa mwanamke mmoja anayefanya mambo hayo. Unajua nani alimwelekeza? Msichana wa kidato cha nne aliyesema baada yangu, upande uleule wa kupinga, aliyetaja Mungu mara tano. Alimvuta kando msalani akamwambia, "Maliza hiyo maneno haraka, usituletee aibu." Wanza ndiye aliyenieleza, leo, akiwa kitandani hospitalini, macho yakitazama ukuta. Alinieleza hilo tu. Kuhusu mimi hakusema lolote, na nilitamani anitukane.

Nesi anasema atapona. Damu ilipotea nyingi.

Basi hao ndio sisi, wanafunzi wenye msimamo. Hadharani tunasema asitoe. Msalani tunasema atoe. Mwenyewe alikuwa na uamuzi wake, na tulimcheka mpaka akauacha.

Nilirudi na Mama Wanza kwa miguu, amejifunika leso kichwani kwa ajili ya mvua. Tulipofika karibu na nyumbani akasimama.

"Mwanangu, wewe ndiye rafiki yake. Alikuambia?"

"Hapana, mama."

Nilisema hivyo hivyo, bila hata kumeza mate.

Akakaza leso kichwani. Kisha akasema, kama anayeongea na nafsi yake, "Si angeniambia tu. Mimi huyo Wanza nilimpata nikiwa darasa la saba. Mama yangu alinishika mkono akaniambia tutalea. Ningemwambia hivyo hivyo."

Akaingia kwake. Mimi nikabaki nje nikinyeshewa, sijui kwa muda gani.

Kesho kabla ya shule nitapita kwao. Nitamwambia mama yake kwamba nilijua, na nitamwambia nilisema nini pale ukumbini. Akinifukuza, anifukuze.