Jina Moja, Mikia Miwili

Jumatatu, 4 Machi

Mteja kapiga simu, mkali. Kabati lake liko wapi? Kabati gani! Kumbe aliandika barua pepe wiki tatu zilizopita, akajibiwa vizuri tu, kwa jina langu. Ni mtoto wa baba mdogo tena. Babu alitupa wote wawili jina lake, akatufundisha useremala kwenye meza moja. Yeye akawahi kufungua tovuti kwa jina hilo. Mimi nikabaki na randa ya babu.

Nikampigia. Akacheka — wajina, si wameandika kwa jina letu? Letu! Nina chuki naye leo, sifichi.

Jumatano, 6 Machi

Nimeenda kampuni ya tovuti. Dada wa kaunta anasema anwani ni ya aliyewahi, hata kama jina ni la watu kumi. Ila siku hizi mikia imeongezwa — yale maneno yanayokaa baada ya nukta. Zamani ilikuwa michache, sasa kuna wa maduka, wa mafundi, hata wa mtu binafsi. Nimechukua wa mafundi. Jina lilelile, mkia wangu.

Mke wangu anasema ningetafuta jina jingine, niachane na ugomvi. Nina miaka hamsini na mbili, jina jingine nilitoe wapi?

Ijumaa, 15 Machi

Kibao kipya mlangoni. Kadi nimegawa mpaka kwa kinyozi. Barua — hakuna.

Jumatatu, 18 Machi

Imeingia! Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana. Kaona kadi, anaandika kumbe nimehamia anwani mpya. Yale madawati mia mbili tuliyokubaliana juzi, kamati imepitisha. Nithibitishe kabla ya saa kumi, la sivyo wanampa fundi mwingine.

Mimi huyu mwalimu simjui. Kazi ni ya wajina.

Nimeandika: Nathibitisha. Nimeweka jina langu chini, na hapo sijadanganya hata herufi moja. Sijatuma. Mke wangu kasoma nyuma ya bega langu. Kasema sasa ndiyo mmefanana, kaenda zake. Imeniuma sana.

Saa kumi kasoro dakika nane. Hodi mlangoni — wajina mwenyewe. Kaja kuazima randa ya babu. Anasema kuna kazi kubwa anangoja jibu lake, tangu asubuhi hajala.

Nimemwambia asubiri kidogo, namalizia barua.