Pince ao mandrin

Butembo, Jumamosi jioni

Kambale amerudi. Toka juzi nilikuwa namungojea.

Siku ile basoda balituletea ku atelier axe ya jeep yao, chuma yenye kuzungusha magurudumu, tukate mufereji wa clavette, kachuma kenye kuizuia isiteleze. Mandrin, yenye kushika kisu, ilikuwa tayari ku mashini. Kambale, mwenye tunatumika naye, akasema tuiache, bale batu bana haraka. Nilikatala. Mandrin ni ya kutobolea: kisu kikisukumwa kwa ubavu, kinateleza, mufereji unapinda. Nikaitosha, nikatia pince, yenye kukaza kisu pande zote, nikakata mwenyewe. Commandant wao alikuwa anaangalia saa yake tu.

Tulipomaliza akauliza: "Na ikivunjika mbele ya kufika Beni?"

"Haitavunjika," nikajibu.

"Basi mwenye aliitengeneza apande na sisi."

Kambale akapangusa mikono. "Ni mimi."

Alijua bibi yangu anakaribia kuzaa. Nami nikamuangalia akipanda.

Leo alishuka ku camion yenye kubeba makala ya kupikia, miguu wazi.

"Balikupiga?" nikamuuliza.

"Hapana. Balichukua viatu tu. Axe yako ilishika."

Nikavua viatu vyangu, nikamupa.