Udongo wa Mzee Shomari

Jumamosi, baridi kavu. Ile baridi ya Joburg inayopasua midomo huku jua linawaka vizuri tu nje. Naandika jikoni na koti mwilini, Biskuti amelala juu ya miguu yangu. Leo nimepumua. Wiki nzima nilikuwa sipumui vizuri.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: Biskuti ni mbwa. Niliachiwa na jirani yangu hapa Randburg, bibi mmoja aliyehamia Cape Town kwa mwanawe. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa Tanga, kwa hiyo maneno ninayosemwa malizieni wenyewe. Kaka yangu Hamisi anaishi Berea, jijini hapa hapa, na kila akija kwangu hunywa chai amesimama mlangoni. Najitahidi. Chumba ninachosalia Biskuti haingii, na nguo zangu za sala zina kabati lake.

Lakini nampenda. Basi.

Tangu mwanzoni mwa mwaka tunajitolea, mimi na yeye, kwenye nyumba moja ya wazee. Jumamosi mchana tunapita chumba kwa chumba. Wazee wanamshikashika, wanamsimulia mambo yao, wengine wanalia kidogo kisha wanajifuta. Kazi yangu ni kushika kamba na kunyamaza, na huko kunyamaza ndiko kunakonishinda.

Jumamosi iliyopita tukamkuta mgeni, Mzee Shomari, mtu wa Muheza aliyeshona nguo mjini hapa miaka mingi. Kiharusi kimemwondolea Kiingereza na Kizulu chote, kimemwachia Kiswahili peke yake. Kupata mtu wa nyumbani kulinipagawisha. Nikamwamkia, nikasogea, nikalegeza kamba. Biskuti akamlamba mkono mzima.

Mzee akapiga ukelele, akauvuta mkono kifuani. Nilimwomba radhi na kutoka mbio, uso unaniwaka kwa aibu.

Jumatatu Sista Nomsa, muuguzi msimamizi, akanipigia simu. Alisema mbwa asije kwanza. Tangu siku ile Mzee Shomari amechanganyikiwa, na wanafikiria kumhamishia upande wa pili, kwa wale waliopoteza kumbukumbu, ambako milango hufungwa kwa ufunguo. Binti yake aliyeko Durban alikuwa ameshakubali, huku analia.

Mzee wa watu afungiwe. Kwa sababu ya mbwa wangu.

Nilishindwa kula. Nikajiambia Hamisi alikuwa anasema kweli muda wote, nikaanza hata kuulizia watu wa kumchukua Biskuti. Yeye hajui lolote, anatingisha mkia tu.

Leo nikaenda kumwomba Mzee radhi kabla hawajamhamisha. Biskuti sikuwa na wa kumwachia, nikamfunga bustanini kwenye kivuli cha ukuta. Sista Nomsa alinipokea koridoni, nikamuuliza huko kuchanganyikiwa kwenyewe kukoje. Akaniambia kwa upole kwamba Mzee anaingiza mkono kwenye chungu cha maua, anachota udongo na kujipaka. Halafu anaenda bombani kuosha, anaosha tena na tena. Wakimzuia, analia.

Nikaanza kucheka, nikashindwa kujizuia, machozi yakanitoka. Sista akanitazama kama anayetafuta kitanda cha kunilaza na mimi.

Mate ya mbwa! Kwetu yakikugusa, unaosha mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo, ndipo usali. Mzee alikuwa ameshatawadha siku ile, anangoja alasiri. Akili zake zilikuwa timamu kabisa. Alikuwa anajitoharisha, na kila akifika katikati mtu anamkamata mkono. Wiki nzima mzee wa watu hajasali. Na aliyempelekea pua ya mbwa saa ya sala ni mimi, niliyefundishwa hukumu hiyo chuo cha Kurani kabla sijajua hata kufunga kamba za viatu.

Nikamweleza Sista yote. Akasikiliza hadi mwisho, akasema "Eish" kwa sauti ndogo, akakaa kwenye kiti. Kisha akatoka mwenyewe na beseni kuchota udongo safi bustanini. Aliporudi alimpigia simu yule binti. Mzee hahamishwi.

Nilimmwagia maji, yeye akihesabu kwa sauti. Alipofika saba alifumba macho muda mrefu. Akatawadha, akasali kwa kukaa, mimi nikamsubiri nje ya mlango nikijifuta kamasi.

Alipomaliza aliniita.

"Mwanangu, yule mbwa yuko wapi?"

Nikamwambia yuko nje, na kwamba sitamleta tena.

"Mbwa ana kosa gani? Mlete. Mimi nimeshasali."

Akanisimulia kwamba utotoni huko Muheza walikuwa na mbwa wa kulinda mahindi yasiliwe na ngedere. Hakuruhusiwa kuingia ndani, wala Mzee hakuruhusiwa kumgusa. Walikuwa wanatazamana tu, huyu kizingitini, yule uani. Alipokufa, Mzee alimlilia chooni ili baba yake asimwone.

Nikamleta Biskuti, nikamkalisha mbali, kamba fupi. Mzee akamtazama. Kisha akanyoosha kidole kwenye boksi la glavu ukutani, zile wanazovaa wauguzi. Sista akamvalisha, kidole kwa kidole. Mzee akampapasa Biskuti kuanzia kichwani hadi mkiani, polepole, akarudia. Na mimi, kwa mara ya kwanza, nikaweza kunyamaza.

Tumekubaliana kwamba kuanzia sasa tutafika kwake baada ya alasiri.

Wakati wa kutoka nilimwomba Sista jozi moja ya glavu. Kesho Hamisi anakuja kunywa chai. Nimeshaziweka mezani kando ya kikombe chake, na kiti nimeshamvutia.