Usikate Milangilangi ya Mariamu

Magoudjou, Moroni

Mwanangu Zainabu,

Salamu zikufikie Mutsamudu, wewe na mumeo. Hapa kwa kaka yako mimi ni mzima, magoti tu ndiyo yananitukana nikisimama. Naandika Kiswahili nilichokufundisha tulipokuwa Unguja, kwa hiyo usiniambie hukuelewa.

Nimepata ujumbe wako: Jumatatu mumeo anapanda mlimani, shambani Patsy, na shoka kukata milangilangi, eti harufu yake ina jini anayemkaba Mariamu pumzi. Nani kawaambia? Miti ile niliipanda mimi alipozaliwa mwanao, fedha ya mafuta yake imjengee nyumba ya kuolewa, maana kwetu mume huingia nyumba ya mke, na posa mmekwisha kuipokea. Soma kwanza.

Mlimleta kwangu akimbie maua. Akakaa vizuri, mpaka alipokwenda kumkatia nyasi mbuzi wa jirani. Akarudi macho yamevimba, kifua kinapiga filimbi. Mtaani hapa hakuna mlangilangi hata mmoja. Nikaomba maua yake kwa rafiki wa nje ya mji, nikayafunga kwenye leso, nikampeleka mtoto hospitali.

Njiani teksi ikasimamishwa na wale mamluki wa kizungu wenye bunduki wanaotawala barabara siku hizi. Mmoja akaigusa leso kwa mtutu.

"Anauliza kuna nini," dereva akasema.

"Mwambie maua. Kama anaoa, nimgawie."

"Bibi wee, utatuua!"

Sijui alimwambia nini, tukapita.

Daktari ana vichupa vya maji ya unga wa maua ya mimea mbalimbali. Akamtonesha Mariamu mkononi, kila tone mahali pake, akachoma kidogo kwa sindano. La langilangi akalitengeneza kwa maua yangu. La nyasi likavimba kama pameumwa na siafu. La mahindi vilevile. La langilangi, kimya.

Muuguzi akanieleza. Ndani ya unga huo mna protini, kitu cha jamii ya ute wa yai, na kila mmea una zake. Mwili wa Mariamu umezifanya za nyasi kuwa adui. Mahindi na nyasi ni ukoo mmoja, protini zao zinafanana, basi mwili unazipiga zote. Unga wa langilangi hubebwa na wadudu, lakini wa nyasi na mahindi huruka na upepo mpaka puani. Harufu mmeisingizia tu.

Sasa nikuulize: nani alipanda mahindi chini ya dirisha la Mariamu? Wewe. Kila yakitoa mbelewele mtoto anakohoa, nawe unamfungia chumbani na kumfukizia ubani. Ugonjwa, na moshi juu yake! Kichwa unacho cha kufungia kilemba tu?

Mariamu hasemi mengi. Jana kaniambia mimi bibi yake, "Koko, wakikata miti, warudishe na posa."

Mpe salamu mumeo, na shoka alirudishe alikoliazima. Msalimu shangazi yako muuza mikate, na mzee anayetupikia mafuta ya langilangi. Mwambie msimu huu maua yatakuja kama kawaida.

Mahindi yang'oe kwa mkono wako kabla mtoto hajapanda meli. Akiyakuta, anarudi kwangu, na harusi itakuwa hapa Magoudjou. Wakwe wakiuliza kama mama wa bibi harusi hana nyumba, utawajibu wewe.

Mama yako